Tuijue Projesteroni: Homoni ya Mimba, na Hedhi Inapokoma



Katika mikutano yetu na vikundi vya akina mama hapa Nyayo Highrise, Kibera na Kawangware, kuna neno moja linalorudi kila mara. Zamani tulizoea kusikia habari za presha na sukari. Siku hizi mama anakuja kukaa karibu nawe, anashusha sauti, halafu anasema, "Niliambiwa homoni zangu ziko chini." Ukimwuliza ni homoni gani, anatoa karatasi kwenye mkoba. Hapo utasoma jina refu: projesteroni.

Tumeona tuwaandikie hata ninyi mlio mashambani, kwa maana karatasi hizo zinasafiri. Dada anapimwa Nairobi, anarudi nyumbani mwezi wa Desemba, na kabla sikukuu hazijaisha kijiji kizima kinajua kwamba hazai kwa sababu hana homoni. Ndoa zimevunjika kwa neno kama hilo. Mbuzi wameuzwa na karo ya watoto wa ndugu imetumika kununua dawa. Kwa hivyo leo tulieleze jambo hili polepole, kila mtu aelewe.

KARATASI YA MAMA WA HIGHRISE

Mama mmoja wa Highrise ametukubalia tueleze yaliyompata, bila kutaja jina. Ana miaka 36, na ni mwaka wa 7 tangu aolewe. Mtoto hajapatikana. Alikwenda kupimwa damu mahali fulani mjini, akaambiwa projesteroni iko chini sana. Akauziwa vidonge, krimu ya kupaka tumboni na majani ya kuchemsha. Kwa mwaka mmoja na nusu, kila zamu yake ya pesa za kikundi ilipofika, zote zilikwenda kwa dawa hizo. Mimba haikuingia.

Tulipoitazama ile karatasi pamoja na muuguzi, muuguzi aliuliza swali moja tu. "Siku uliyotolewa damu, ilikuwa siku ya ngapi tangu uanze mwezi?" Mama akahesabu kwa vidole. Siku ya 8. Muuguzi akatikisa kichwa. Siku ya 8 projesteroni ya kila mwanamke iko chini, hata ya yule mwenye watoto kumi. Karatasi haikudanganya, ila damu ilichukuliwa siku ambayo haiwezi kutuambia kitu.

Ili tuone kwa nini, ni lazima tujue homoni hii inafanya kazi gani.

KAZI YA PROJESTERONI

Homoni ni kama mjumbe. Inatoka kiungo kimoja cha mwili, inasafiri ndani ya damu, inapeleka habari kwa kiungo kingine. Mwanamke ana wajumbe wawili wakubwa wa uzazi, estrojeni na projesteroni. Wote wawili wanatoka hasa kwenye vifuko vya mayai, yaani ovari.

Fikiria nyumba inayongoja mgeni. Katika nusu ya kwanza ya mwezi estrojeni inajenga: utando wa ndani wa nyumba ya mtoto unakua na kuwa mnene. Wakati huo yai moja linakomaa, kisha linatoka. Kile kifuko lilimotoka yai hakifi mara moja. Kinageuka kuwa na rangi ya manjano na kuanza kutengeneza projesteroni kwa wingi. Projesteroni ndiyo inayotandika kitanda: inaulainisha utando, inautia chakula na inaituliza misuli ya nyumba ya mtoto isijikaze.

Mgeni asipokuja, yaani mimba isipoingia, kile kifuko cha manjano kinanyauka baada ya siku zipatazo 14. Projesteroni inashuka na matandiko yanatolewa nje. Hiyo ndiyo hedhi. Lakini mimba ikiingia, mimba yenyewe inatoa homoni yake ya kukiambia kifuko kisilale. Ni homoni hiyo hiyo inayoonekana kwenye kipimo cha mkojo cha mimba. Kifuko kinaendelea na kazi mpaka kondo la nyuma linapoichukua, kama wiki ya 8 hadi ya 10.

Mambo haya yalijulikana kwa uchunguzi wa miaka mingi. Mwaka 1929 wanasayansi wawili wa Rochester, Marekani, George Corner na Willard Allen, walionyesha kwamba maji yaliyotolewa kwenye vifuko vya manjano yanaweza kulinda mimba ya sungura aliyeondolewa ovari. Mwaka 1934 projesteroni ilipatikana ikiwa safi, peke yake. Hata jina lake lina maana ya kusaidia kubeba mimba.

KWA NINI INAPUNGUA

Hapa tunaomba msome mara mbili. Projesteroni nyingi haiji mpaka yai litoke. Kwa hivyo ikiwa iko chini katika siku zinazofaa, mara nyingi maana yake ni kwamba yai halikutoka mwezi huo. Ni kama kupita nyumba ya jirani jioni usione moshi jikoni. Shida si moshi. Shida ni kwamba moto haujawashwa, na inafaa kuuliza kwa nini.

Sababu ni nyingi. Hizi ndizo za kawaida:

1. Ovari zenye vifuko vidogo vidogo vingi. Mama anaona mwezi mara chache, pengine kila baada ya miezi miwili au mitatu. Anaweza kuota ndevu kidevuni, kupata chunusi, na mara nyingi uzito unaongezeka.

2. Tezi ya shingo kufanya kazi kidogo au kupita kiasi.

3. Homoni ya maziwa kuwa juu. Mama ambaye hana mtoto wa kunyonya akiona maziwa yanatoka, asinyamaze.

4. Kunyonyesha. Hii si ugonjwa. Mwili unapumzika tu.

5. Kukonda sana, njaa, ugonjwa wa muda mrefu au mawazo mazito.

6. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu. Kazi yake ni kuzuia yai lisitoke. Ukiiacha, mwili unaweza kuchukua miezi mingi, kwa wengine karibu mwaka, kabla ya kurudia hali yake. Lakini sindano haiharibu nyumba ya mtoto. Anayepanga kupata mimba karibuni na aongee na muuguzi mapema.

7. Umri. Kuanzia miaka ya 40 mayai yanatoka kwa kuruka miezi.

KUPIMWA SIKU INAYOFAA

Siku ya 1 ni ile ya kwanza ya kutoka damu. Hesabu mpaka siku moja kabla damu nyingine haijaanza. Wengi wanasikia kwamba mwezi ni siku 28, lakini kati ya 21 na 35 ni kawaida pia. Kipimo cha projesteroni kinafaa kuchukuliwa kama siku 7 kabla ya hedhi inayotazamiwa. Basi toa 7 kwenye hesabu yako:

Mwezi wa siku 28: pimwa siku ya 21.
Mwezi wa siku 24: pimwa siku ya 17.
Mwezi wa siku 35: pimwa siku ya 28.

Utaona kwamba hata ile "siku ya 21" inayotajwa na wengi haimfai kila mtu. Mwenye mwezi wa siku 35, yai lake hutoka karibu na hiyo siku ya 21. Akipimwa siku hiyo ataambiwa yuko chini, kumbe ni mapema. Jambo lingine, projesteroni hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa hivyo namba moja kwenye karatasi si hukumu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, anza na kalenda ya ukutani. Weka alama kila siku ya kwanza ya hedhi kwa miezi mitatu au minne. Mama anayeona mwezi kwa utaratibu, siku zile zile, mara nyingi yai lake linatoka. Tena katikati ya mwezi wengi wanaona ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai la kuku. Peleka kalenda hiyo kwa daktari. Itamsaidia kuliko maneno mengi.

DAWA ZA KWELI NA DAWA ZA KUUZIWA

Yai lisipotoka, matibabu ni kulisaidia litoke. Kwa mwenye uzito mwingi, kupunguza uzito hata kidogo kunaweza kurudisha hedhi. Tezi ikiwa na shida, inatibiwa tezi. Kuna pia vidonge vya kuamsha ovari, kama letrozoli na klomifeni. Hivyo si vya kununua dukani kwa kuambiwa na rafiki. Vinaweza kutoa mayai zaidi ya moja, ukabeba mapacha kabla mwili haujachunguzwa. Daktari ndiye anayejua kipimo na muda.

Sasa krimu. Nyingine zinauzwa eti zimetengenezwa na viazi vikuu vya porini, kwamba mwili utavigeuza kuwa projesteroni. Maneno haya yana mzizi wa kweli. Katika miaka ya 1940 mkemia wa Marekani, Russell Marker, alitumia viazi vikuu vya Mexico kutengeneza projesteroni. Lakini aliigeuza kwa kemikali, ndani ya maabara. Mwili wa binadamu hauwezi kazi hiyo. Basi kula viazi vikuu kwa kushiba, ni chakula kizuri, lakini usivipake tumboni ukitafuta mtoto.

Na mimba zinazoharibika? Mama wengi wanaambiwa zimeharibika kwa sababu projesteroni ni kidogo. Mara nyingi ni kinyume: mimba haikuumbika vizuri tangu mwanzo, na homoni inashuka kwa sababu mimba inakwisha. Mwaka 2015 uchunguzi wa wanawake 836 waliokuwa wamepoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana ulionyesha kwamba kuwapa projesteroni mapema hakukuleta tofauti kubwa. Lakini mwaka 2019 uchunguzi mwingine wa Uingereza, wa wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa na damu mimba ikiwa changa, ulileta habari ya tumaini. Kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo. Ila kwa wale waliokuwa na damu na tena walishapoteza mimba mara tatu au zaidi, wapatao 72 kati ya 100 waliotumia projesteroni walizaa watoto hai, na 57 kati ya 100 kwa wale ambao hawakuitumia. Tangu mwaka 2021 Uingereza inashauri dawa hii kwa mama anayetokwa na damu katika mimba changa ikiwa amewahi kupoteza mimba.

Funzo ni hili: ukiwa na mimba na umeona damu, usingoje mkutano wa kikundi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme mimba ngapi zimewahi kuharibika. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu, ni hatari. Mimba inaweza kuwa imekaa nje ya nyumba ya mtoto.

NA BABA APIMWE

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba kama mtu 1 kati ya 6 hupatwa na shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani. Hilo ni jambo la watu wengi, si laana ya nyumba moja. Na karibu nusu ya jozi hizo, mume ana sehemu katika shida hiyo. Kupima mbegu za mume ni kipimo rahisi, hakina kisu wala sindano. Lakini tunaona mama akipimwa damu mara tano, naye baba hajapimwa hata mara moja.

Sababu nyingine kubwa katika Afrika yetu ni mirija iliyoziba. Inazibwa na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, au uchafu ulioingia baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Hapo hata projesteroni ingekuwa ndoo nzima, yai na mbegu hazitakutana.

Mkijaribu mwaka mzima bila mimba, nendeni wote wawili. Mama akiwa na zaidi ya miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6.

HEDHI INAPOKARIBIA KUKOMA

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Tunasema imekoma miezi 12 ikipita bila damu. Lakini kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya vurugu, na projesteroni ndiyo inayotangulia kupungua. Kwa nini? Kwa sababu mayai yanaruka miezi, na tumeshajua kwamba yai lisipotoka hakuna projesteroni ya kutosha. Estrojeni bado ipo, inaendelea kujenga. Ni kama matandiko kuwekwa juu ya matandiko, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka siku yanapoporomoka yote.

Ndiyo maana mama mmoja wa Kawangware, muuza mboga mwenye miaka 47, alikaa wiki kumi bila hedhi, kisha akatoka damu siku kumi na mbili, mabonge mabonge. Aliacha kwenda sokoni. Alidhani amerogwa na mshindani wake wa biashara. Alipopimwa, damu yake ilikuwa imepungua sana. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na dawa ya jamii ya projesteroni ya kuutuliza ule utando. Sasa amerudi kwenye meza yake ya sukuma wiki, na yule mshindani wamesalimiana.

Estrojeni nayo inaposhuka huja joto la ghafla usoni na kifuani, jasho la usiku na usingizi wa vipande. Wengine wanameza dawa za malaria bila kupimwa. Tafadhali pimwa kwanza. Na jasho la usiku likiandamana na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, pimwa kifua kikuu.

Mambo manne ya kukumbuka:

Kwanza, kabla miezi 12 haijatimia mimba bado inaweza kuingia. Wengi wamepata kitinda mimba hivyo.

Pili, mifupa inadhoofika. Omena, maziwa, mboga za majani, kutembea na kazi ya mikono vinasaidia.

Tatu, kuna dawa za homoni kwa mama anayeteseka sana. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulisimamishwa mapema kwa sababu ya madhara, na dunia nzima ikaogopa. Baadaye ilionekana kwamba wengi wa waliochunguzwa walikuwa wamepita miaka 60. Kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi haijapita miaka 10 tangu ikome, faida inaweza kuzidi hatari. Lakini mwenye nyumba ya mtoto akipewa estrojeni ni lazima apewe na dawa ya jamii ya projesteroni, la sivyo utando unanenepa na unaweza kuleta saratani. Krimu za kupaka za dukani haziaminiki kwa ulinzi huo. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda au kiharusi amweleze daktari kwanza.

Nne, na hili ndilo kubwa: damu ikitoka baada ya miezi 12 ya kukoma, hata tone, si ujana umerudi. Nyanya mmoja wa Kibera, miaka mitatu baada ya kukoma, aliona damu, akacheka na wenzake kwamba amekuwa msichana tena. Mmoja wao hakucheka. Alimshika mkono wakaenda hospitali. Utando ulikuwa umenenepa kupita kiasi, ukielekea kubaya, akatibiwa kabla haujawa saratani. Damu kama hiyo inaweza pia kutoka kwenye mlango wa nyumba ya mtoto, ambako saratani inaua akina mama wengi nchini mwetu.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Sisi wa hapa tuko karibu na Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta. Ninyi mlio mbali anzeni na zahanati au kituo cha afya, mwombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Kila mmoja awe na kalenda. Mwalikeni muuguzi siku moja, na siku hiyo waiteni waume pia. Na kabla kikundi hakijamkopesha mwenzenu pesa za dawa za homoni, mwulizeni kwa upole: ulipimwa siku ya ngapi, na mume wako amepimwa?

Yule mama wa Highrise alihesabu kalenda yake. Mwezi wake ni wa siku 33. Akarudia kipimo siku ya 26, na projesteroni ilikuwa juu ya kutosha kuonyesha kwamba yai limetoka. Hakuwa na upungufu wowote. Mume wake alikataa kupimwa kwa miezi minne, kisha akakubali. Mbegu zake zilikuwa chache. Sasa wanaenda kliniki pamoja, kwa basi moja. Tunapoandika haya mtoto bado hajapatikana. Lakini mama anatuambia kwamba mama mkwe wake ameacha kumwita mti usiozaa, kwa sababu mume mwenyewe ndiye aliyesimama sebuleni akaeleza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ndoa isipopata mtoto ni nani anayelaumiwa kwanza? Kwa nini?
2. Kila mmoja ahesabu: mwezi wake ni wa siku ngapi? Angepimwa projesteroni siku gani?
3. Ni dawa gani za homoni zinazouzwa sokoni kwetu? Anayeziuza amesomea wapi?
4. Je, kuna mama kati yetu aliyeona damu baada ya kukoma akanyamaza? Nani atamsindikiza hospitali wiki hii?